Korongo Yupi? Majina ya Ndege katika Orodha za Watazamaji wa Mpakani Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi watazamaji wa ndege wa eneo la mpaka wa Kenya na Uganda, hasa Busia na Tororo, wanavyoandika orodha zao, na kuchunguza kinachopotea orodha hizo zinapoelezwa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba tatizo si uhaba wa majina ya ndege katika Kiswahili bali ni mgawanyo wa majina hayo: jina moja hubebeshwa ndege kadhaa ambao sayansi, sheria na wenyeji wa mpakani huwatofautisha. Mifano inayochambuliwa kwa kina ni korongo, mbayuwayu na kware. Inapendekezwa kwamba istilahi za ndege zijengwe kwa kanuni za uundaji majina zilizomo tayari katika Kiswahili na katika lugha jirani, badala ya kutafsiri majina ya Kiingereza neno kwa neno.

Utangulizi

Aprili moja niliandamana na kikundi cha watazamaji wa ndege waliokutana karibu na mto Sio, upande wa Busia ya Kenya. Baadhi yao walitoka Tororo na kuvukia Malaba. Wengine walitoka upande wa Majanji, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Walikuwemo walimu wa shule za msingi, waongoza watalii na vijana wenye darubini za kuazimana. Asubuhi nzima mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, kile Kiswahili cha mpakani kinachochanganya Kisamia, Kiteso, Kijopadhola na Kiganda bila kuomba radhi. Lakini saa ya kusomeana orodha ilipofika, kila mtu alihamia Kiingereza. Kila jina la ndege lililotajwa lilikuwa la Kiingereza.

Tulipokuwa tukirudi barabarani tulimkuta mama mmoja akianika mafunjo ya kusukia mikeka. Akatuuliza tumeona nini. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Tumeona korongo, mama." Mama akauliza, "Korongo yupi, mwanangu? Yule wa taji au yule mla konokono?" Kisha akataja majina mawili ya Kisamia, moja kwa kila ndege, bila kusita. Kijana alijua vizuri tofauti ya ndege hao. Majina yao ya Kiingereza na ya Kilatini aliyajua kwa moyo. Alichokosa ni maneno mawili ya Kiswahili ya kumrudishia mama yule.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Yanawahusu wanaisimu, lakini yanawahusu zaidi washauri wa sera ambao katika miaka ijayo watatakiwa kuandaa fomu, mabango na miongozo ya uhifadhi kwa Kiswahili katika pande zote mbili za mpaka.

Orodha ya ndege hufanya kazi gani

Msomaji asiyeshiriki utazamaji wa ndege anaweza kudhani kwamba orodha ni kumbukumbu ya mapenzi tu, mfano wa albamu ya picha. Sivyo. Orodha iliyoandikwa vyema hueleza mahali, tarehe, muda uliotumika na kila spishi iliyotambuliwa. Ikiwa mwandishi ameandika spishi zote alizozitambua bila kuchagua zile zinazompendeza, basi hata kutokuwepo kwa jina fulani kunakuwa taarifa. Orodha mia za namna hiyo zikikosa ndege aliyekuwa wa kawaida miaka kumi iliyopita, mtafiti ana sababu ya kuuliza kulikoni.

Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya hutumia utaratibu huu. Nchi imegawanywa katika miraba ya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, yaani takriban kilomita tisa kwa tisa, na mtazamaji anatakiwa kutumia angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja na kuandika spishi kwa mfuatano wa kuonekana kwake. Msingi wa kazi kama hii uliwekwa na atlasi mbili: ile ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy (1989) na ile ya ndege wa Uganda ya Carswell, Pomeroy, Reynolds na Tushabe (2005). Jina la Pomeroy katika atlasi zote mbili si sadfa. Utafiti wa ndege wa eneo hili ulianza ukiwa wa nchi mbili kwa pamoja: chama cha historia ya maumbile kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909 kilibeba majina ya Afrika Mashariki na Uganda, na leo warithi wake ni Nature Kenya na NatureUganda, kila kimoja na wanachama wake, matembezi yake na sensa zake.

Ndege wenyewe hawajapata kuutambua mpaka. Hata watu wa eneo hili waliukuta umechorwa juu yao: mwaka 1902 Waingereza walihamisha jimbo lote la mashariki ya Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Wateso na Wasamia wakabaki pande mbili. Bonde la Sio na kinamasi cha Sio-Siteko vimo katika nchi zote mbili. Orodha ya mtazamaji wa Busia ya Uganda na ya mwenzake wa Busia ya Kenya kwa hiyo ni kurasa mbili za kitabu kimoja, nazo zinasomeka pamoja kwa sababu moja tu: majina yaliyomo ni yale yale. Kwa sasa kazi hiyo ya kuunganisha inafanywa na Kilatini na Kiingereza.

Majira ambayo hatuna

Mikutano ya watazamaji katika Aprili na Mei hufuata kalenda ya kaskazini ya dunia, ambako huo ni wakati wa machipuko na ndege wanarejea kuzaliana. Neno "machipuko" limo katika vitabu vyetu vya shule, lakini Busia hakuna majira hayo. Kuna mvua za Machi hadi Mei, na kuna jambo linalotokea angani ambalo jina la majira halilielezi.

Katika wiki hizo ndege mmoja anaondoka na mwingine anaingia, na wote wawili kwa Kiswahili ni mbayuwayu. Anayeondoka ni Hirundo rustica, anayerudi Ulaya na Asia baada ya kukaa kwetu tangu Septemba au Oktoba. Anayeingia ni Hirundo atrocaerulea, mbayuwayu wa rangi ya samawati iliyokolea, ambaye huzaliana kusini, kuanzia Afrika Kusini hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kisha huja kukaa katika bonde la Ziwa Viktoria kuanzia Aprili hadi Septemba. Huyu wa pili ni adimu na yumo katika hatari ya kutoweka. Anahitaji mbuga za nyasi, na nyasi za Busia, zilizotambuliwa kuwa miongoni mwa Maeneo Muhimu ya Ndege ya Kenya, ni mojawapo ya mahali pachache anapojulikana kufika nchini humo. Mbuga hizo hulimwa mwaka hata mwaka kwa ajili ya miwa na mahindi.

Sasa tufikirie fomu ya Kiswahili iliyojazwa na mwalimu mwenye bidii: "Mbayuwayu, wengi." Fomu hiyo haina kosa la sarufi wala uongo. Hata hivyo inaficha kuondoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine, na ikiwa yule adimu hakufika mwaka huo, fomu haitaonyesha pengo. Kijaluo kina neno opija kwa jamii hiyo ya ndege, nalo pia ni la jumla. Sidai kwamba kila lugha jirani imekwisha kututatulia kila tatizo. Hapa Kiswahili kitahitaji kuunda. "Mbayuwayu wa Ulaya" linafaa kwa yule wa kwanza, maana linaeleza safari yake. Kwa yule wa pili ningependekeza "mbayuwayu wa mbugani" badala ya jina la rangi, kwa kuwa mbayuwayu wengi huonekana wenye rangi ya samawati jua linapowapiga, ilhali mazingira ya nyasi ndiyo yanayomtenga naye ndiyo yanayohitaji kulindwa.

Korongo mbele ya sheria

Turudi kwa korongo. Katika matumizi ya kawaida neno hili hutaja ndege yeyote mkubwa mwenye miguu na shingo ndefu, na wazungumzaji wengine hulipanua hadi kumjumuisha hata heroe wa maziwa ya magadi. (Kwamba neno hilo hilo lina maana ya bonde lililochimbwa na maji ni jambo jingine, lakini limewahi kunichekesha katika fomu moja ya mazingira iliyouliza idadi ya makorongo.) Ndege wawili aliowataja mama wa Sio ni wa familia mbili zisizo na undugu wa karibu. Wa taji ni Balearica regulorum, nembo ya Uganda, aliyemo katika bendera na ngao ya taifa hilo, ambaye Waganda humwita engaali. Mla konokono ni Anastomus lamelligerus, ndege mweusi ambaye mdomo wake una mwanya katikati na ambaye hufuata konokono na kombe katika mashamba ya mpunga.

Tofauti yao si ya darubini tu. Mwaka 2012 korongo wa taji aliingizwa katika kundi la spishi zilizo hatarini katika Orodha Nyekundu ya IUCN. Makinda na mayai yake huchukuliwa kutoka vinamasini, na biashara ya kimataifa ya ndege huyu inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambamo yumo katika Kiambatisho cha Pili. Mla konokono hamo katika viambatisho hivyo. Ofisa anayekagua mzigo mpakani akiandika "korongo, mmoja, hai", ameandika jambo ambalo haliwezi kutumika. Sheria za wanyamapori za Kenya (2013) na Uganda (2019) zimeandikwa kwa Kiingereza na zinatumia majina ya kisayansi, kwa hiyo ofisa anayefanya kazi yake yote kwa Kiswahili hulazimika kufanya tafsiri kichwani kila siku, bila msaada.

Mla konokono naye ana msiba wake. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kusini mwa Kaunti ya Busia, watafiti wamerekodi jinsi ndege wanavyotegwa kwa sumu ya wadudu aina ya kabofurani, inayojulikana sokoni kama Furadan. Konokono hutiwa sumu, korongo hai hufungwa mahali ili kuwavuta wenzake, na nyama ya waliokufa huuzwa kwa watu. Hili ni suala la afya ya umma kabla ya kuwa suala la ndege. Anayetaka kuwaonya wanunuzi kwa bango anahitaji jina ambalo mnunuzi atalitambua papo hapo. Bango linalosema "nyama ya korongo" litamfanya mtu wa Busia kumfikiria engaali, ndege ambaye hakusudii kumla, na bango lenyewe litapita bila kumgusa.

Jina linalopendekezwa mara nyingi kwa Anastomus ni "korongo domo-wazi". Ni tafsiri ya Kiingereza, na si mbaya, ila mwanya wa mdomo ule huonekana vizuri kwa mwenye darubini. Kutoka njia ya shambani kinachoonekana ni ndege anayekula konokono. Mama yule alikwisha kuunda jina kabla yetu.

Kware wa soko na kware wa porini

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba kuchanganyikiwa huku kunaweza kuwagharimu watu fedha. Katika kamusi, kwale ni ndege wa porini anayefanana na kuku mdogo, naye tombo ni mdogo zaidi kuliko kwale. Wenyeji wa magharibi mwa Kenya wana majina yao kwa huyu mdogo: Waluhya humwita isindu, Wajaluo aluru. Utegaji wake ni ufundi wa zamani. Madume hutiwa katika vikapu vidogo vinavyotundikwa kwenye mti mrefu, huimba alfajiri, na wale wa porini wanaokuja na mvua hushuka kwenye mitego iliyopangwa nyasini.

Mwaka 2013 na 2014 Kenya ilipata homa ya ufugaji wa ndege aliyeitwa kware. Mayai yake yalisifiwa kuwa dawa ya magonjwa mengi, bei ikapanda, wafugaji wakamiminika, kisha soko likaanguka na wengi wakabaki na ndege wasionunuliwa. Ndege huyo alikuwa Coturnix japonica, wa kufugwa, mwenye asili ya Asia. Isindu wa vikapuni ni Coturnix delegorguei, wa porini. Kwale wa kamusi si yeyote kati yao. Wafugaji walitakiwa kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, jambo lililowashangaza wengi waliodhani kwamba wanafuga aina ya kuku, na neno "kware" halikuwasaidia kuelewa kwa nini. Sidai kwamba jina bora lingezuia homa ya bei. Lingetenganisha angalau maswali mawili ambayo watu waliyauliza kama moja: je, ndege huyu ni wa nani, na je, aliyemo kikapuni na aliyemo bandani ni ndege mmoja?

Kanuni zilizomo katika lugha

Inasemwa mara kwa mara katika mikutano yetu kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani na hivyo hakina majina ya ndege wa bara. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kiswahili kina shakwe, mwari, yangeyange, kulastara, kwarara, furukombe, tiva, ninga na wengine wengi, na wengi wa ndege hawa au jamaa zao wako Sio na Tororo. Kinachopungua ni daraja la pili, yaani maneno ya kutenga spishi ndani ya jamii moja. Kwenye Mwamba wa Tororo, kwa mfano, mtazamaji anayetumia Kiswahili humaliza na "mwewe" karibu kila ndege mwenye kucha.

Tukichunguza majina yaliyopo tunaona njia zilizo wazi. Kuna yanayoiga sauti, mara nyingi kwa uradidi: kweleakwelea, hondohondo. Kuna yanayotokana na kitenzi: kigong'ota kutokana na kugong'ota, na kizamiachaza anayezamia. Njia ya kitenzi na njia ya makazi ndizo zenye uzazi mkubwa zaidi, na zinakubaliana na ngeli ya viumbe hai bila kulazimisha viunganishi virefu. Tafsiri ya neno kwa neno hutuletea majina ya aina ya "kichwa-cheusi kidari-chekundu", ambayo mtu hawezi kuyaita kwa sauti shambani kabla ndege hajaruka.

Mfano mzuri ni tiva wawili wa mto Sio. Wote wana kidari chekundu au cha rangi ya machungwa iliyokolea na mgongo mweusi. Laniarius erythrogaster hukaa vichakani na bustanini. Laniarius mufumbiri ana utosi wa manjano na hatoki ndani ya mafunjo. Kiingereza humtaja wa kwanza kwa kichwa chake na wa pili kwa mafunjo, kana kwamba kimebadili nia njiani. Kiswahili kinaweza kusema "tiva wa vichakani" na "tiva wa mafunjo", na msusi wa mikeka atajua mara moja ni yupi anayepoteza makao mafunjo yanapokatwa yote au kuchomwa.

Wapo watakaosema kwamba majina ya Kiingereza ni imara na yasivurugwe. Uimara huo umetiwa chumvi. Novemba 2023 chama cha wanaonitholojia wa Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege walio chini ya mamlaka yake yaliyotokana na majina ya watu. Katika mafunjo yetu yumo Cisticola carruthersi, ndege mdogo wa kahawia ambaye kwa Kiingereza bado ni mali ya mpelelezi Mwingereza. Hatuna sababu ya kumtafsiri Bwana Carruthers.

Nani atayapitisha

Mazingira ya kisheria yanaruhusu kazi hii kuanza. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Uganda ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza lake la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Kilichokosekana ni kwamba vyombo hivi hufikiri istilahi kwa taaluma zenye vitivo, kama sheria, tiba na kompyuta, na ndege hawana kitivo.

Ushauri wangu kwa wenye kuandaa sera ni mdogo kuliko desturi ya mikutano hii. Isisubiriwe kamusi ya spishi zote; kila moja ya nchi hizi mbili ina zaidi ya 1,000, na kazi hiyo itachukua kizazi. Ianze na ukurasa mmoja wa ndege wale ambao makosa ya jina lao yana gharama: wanaolindwa na sheria, wanaotegwa kwa sumu, wanaofugwa kwa kibali, na wale wa mashamba ya mpunga ambao hunyunyiziwa dawa kwa jina la jumla la "ndege waharibifu". Katika kundi hili la mwisho kweleakwelea, mnana na kweche hutupwa kapu moja, ingawa makundi yanayoweza kumaliza shamba zima kwa siku chache ni ya kweleakwelea. Kila ndege awe na jina moja la Kiswahili, jina la kisayansi, na safu ya majina ya Kisamia, Kiteso, Kijopadhola, Kijaluo na Kiganda kama yalivyotolewa na wazungumzaji wenyewe, pamoja na mahali yalipokusanywa. Safu hiyo isiachwe kama pambo. Ndiyo itakayomwezesha ofisa aliyehamishiwa Busia kutoka Mombasa au Mbarara kuelewana na anayemletea taarifa.

Tangu Februari 2018 maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi chini ya paa moja katika kituo cha pamoja cha Busia. Ukurasa huo ungeweza kubandikwa pale, na mwingine Malaba, kabla ya Aprili ijayo, watazamaji watakapokutana tena na kusomeana orodha zao. Wakati huo kijana akiulizwa na mama wa mikeka ni korongo yupi, awe na la kumjibu.